Kiongozi Akae kwa Muda Gani?

Watu wengi humsifu kiongozi kwa hesabu ya miaka. Husema, "Fulani amekaa Bungeni miaka thelathini," kana kwamba miaka yenyewe ndiyo kazi aliyoifanya. Lakini jiwe nalo hukaa mtoni miaka mingi, wala hakuna asemaye kuwa limeusaidia mto. Yafaa basi tuulize: je, kudumu katika uongozi ni sifa njema, au ni kupenda cheo tu?

Tutazame mfano mmoja. Jeremiah Nyagah alizaliwa Embu mwaka 1920. Alisoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu. Mwaka 1958, Waafrika wa Kenya walipoongezewa viti katika Baraza la Kutunga Sheria, alichaguliwa kuingia humo. Ilikuwa bado hali ya hatari, na Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuweza kupiga kura ila kwa cheti cha kuonyesha uaminifu wao kwa serikali. Tangu hapo hata mwaka 1992 alikuwa mtunga sheria, yaani miaka 34. Alishika wizara nyingi, zikiwamo Elimu na Kilimo, na watu wa Gachoka, katika nchi kame ya Mbeere iteremkayo kuelekea mto Tana, walimrudisha Bungeni mara kwa mara.

Wako wasemao kuwa hivyo ndivyo ifaavyo. Mbuni haupandwi leo ukachumwa kesho, na shughuli za nchi ni hivyo hivyo. Mtu mgeni hupoteza miaka akijifunza mlango upi wa kubisha, bali mzoefu huujua. Jungu kuu halikosi ukoko.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Kwanza, kurudishwa na wapiga kura ni ushahidi kwa kadiri ya uhuru wao wa kukataa. Kuanzia mwaka 1969 Kenya ilikuwa na chama kimoja kwa vitendo, na mwaka 1982 ikawa hivyo kwa sheria. Ni kweli kwamba hata ndani ya chama hicho wakubwa walianguka: Jackson Angaine wa Meru, aliyekuwa Waziri wa Ardhi tangu 1963, alishindwa mwaka 1979. Kwa hiyo ushindi wa wakati ule haukuwa bure, wala haukuwa ushahidi kamili. Pili, kila mwaka ambao mzee akikalia kiti, kijana hujifunza kungoja tu, na asiyepewa mzigo hawezi kujua nguvu za mabega yake. Tena mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wazee wetu waliliona jambo hili zamani. Kwa Waembu, vizazi vya Kimanthi na Nyangi vilipokezana uongozi wa nchi kwa sherehe ya nduiko. Wameru nao walikuwa na ntuiko yao. Waliotoka hawakutupwa kama maganda. Waliendelea kuheshimiwa na kuombwa shauri. Hapa ndipo lilipo jibu la hoja ya uzoefu: hekima ni ya mtu, kiti ni cha watu. Mtu aweza kukiacha kiti na hekima yake akabaki nayo, akawagawia wengine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilifuata njia iliyo karibu na hiyo ilipompa Rais na magavana kikomo cha vipindi viwili. Lakini wabunge haikuwawekea kikomo, hivyo kwao hukumu imebaki mikononi mwa wapiga kura na katika dhamiri ya mbunge mwenyewe.

Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Nyagah alistaafu. Alifariki mwaka 2008, baada ya kuishi miaka mingi bila kiti. Tukitaka kumpima, yeye au mwingine yeyote, tusihesabu miaka peke yake. Tuulize ni kazi gani iliyosimama baada yake, na ni nani aliyefundishwa kuiendeleza. Mwalimu mwema hujulikana siku asipokuwapo darasani.

Nawe, msomaji kijana, usidhani swali hili ni la mawaziri tu. Ukiwa kiranja, au mwenyekiti wa chama cha shule, jiulize mapema: nikiondoka kesho, yuko awezaye kuishika kazi hii? Kama hayupo, bado hujaongoza. Umekalia kiti tu.