Baba, mwanao alianza kugeukia sauti lini?



Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, katika Surat An-Nahl, aya ya 78, Allah (SW) anatukumbusha kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui chochote, akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo ili tupate kushukuru. Aya hii nimeisomesha miaka mingi. Huwa nawaambia wanafunzi watazame mpangilio wake, kwamba kusikia kumetangulizwa. Basi nilikuwa nikiyasema hayo darasani, na nyumbani kwangu yumo binti mchanga asiyesikia, nami sina habari.

Nilizinduliwa siku ya chanjo ya surua, binti akiwa na miezi tisa. Mama yake alikuwa na homa, nikabeba kadi ya kliniki mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Muuguzi akaniuliza: alianza kukaza shingo lini? Alianza kukaa bila kushikwa mwezi gani? Ukimwita jina anageuka? Nikababaika. Siku ya akika naijua, bei ya mbuzi naijua, hata idadi ya masinia. Lakini maswali yale matatu sikuwa na jibu hata moja. Nikajitetea: "Huyu ni mtulivu tu, alhamdulillah. Hata adhana ya alfajiri haimwamshi, na msikiti uko ukuta kwa ukuta."

Yule mama akasimama nyuma ya mtoto, akatikisa funguo. Binti hakugeuka. Akapiga makofi. Hakugeuka. Akaniambia kwa upole: "Ustadhi, huu si utulivu. Mpeleke akapimwe masikio."

Nilipomweleza mke wangu, alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Nilikwambia tangu mwezi wa tano kwamba huyu mtoto hashituki. Ukanijibu watoto hutofautiana." Ni kweli nilimjibu hivyo, tena macho yangu yakiwa kwenye madaftari ya wanafunzi.

Hata baada ya hapo tulipoteza miezi miwili mingine. Mmoja alisema ni jicho, mwingine akasema katika ukoo huo watoto huchelewa. Tukaishia kumsomea tu. Sikatazi kisomo, na husuda ni haki. Lakini Mtume (SAW) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawabainishia kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Kisomo na kipimo havigombani. Sisi ndio tuliovigombanisha kwa kuona haya.

Alipopimwa akakutwa masikio yote mawili yana upungufu mkubwa tangu kuzaliwa. Adhana niliyomsomea sikioni siku aliyozaliwa, yumkini hakuisikia.

Ndugu msomaji, mwaka wa kwanza wa mtoto una kalenda yake aliyoiweka Muumba. Karibu na mwezi wa pili mtoto humtazama mtu usoni akatabasamu. Mwezi wa tatu au wa nne hukaza shingo. Kuanzia wa nne hadi wa sita hujipindua, na hugeukia sauti. Mwezi wa sita huanza kula chakula pamoja na ziwa la mama, na wengi huanza kukaa. Kufikia wa tisa hukaa imara, hurudiarudia sauti kama "bababa" na "mamama", na akiitwa jina hugeuka. Akikaribia mwaka huokota punje ya wali kwa vidole viwili, hupunga mkono wa kwaheri, husimama kwa kushikilia kiti, na neno la kwanza hutoka.

Ni kweli watoto hutofautiana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi minane na kumi na saba na nusu, na wachache hawatambai kabisa. Kwa hiyo usimtie simanzi mkeo kwa kuwa mtoto wa jirani katembea mapema. Lakini kutofautiana kuna mipaka. Mtoto asiyekaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, asiyegeukia sauti, au aliyeacha jambo alilokuwa akilifanya, huyo si wa kusubiriwa. Na masikio yana hila yake: mtoto asiyesikia naye hucheka, hukaa, hutambaa kwa wakati, hata miguno ya mwanzo huitoa. Ndiyo maana nilidanganyika.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya akina mama. Hebu tujiulize: Mtume (SAW) alifupisha swala kwa kusikia kilio cha mtoto, akichelea taabu ya mama yake. Aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama. Na katika fiqhi tunayosomesha, mkojo wa mtoto wa kiume ambaye bado hajala chakula hunyunyiziwa maji tu, kama alivyofanya Mtume (SAW) kwa mtoto wa Ummu Qays. Sasa wewe baba usiyejua mwanao ameanza kula lini, hukumu hiyo utaitumiaje? Dini yenyewe imekutaka uijue miezi ya mwanao.

Nawausia ndugu zangu, na nafsi yangu kwanza. Kwanza, shika kadi ya kliniki uisome, na walau mara chache mpeleke mtoto mwenyewe. Pili, mama akisema "huyu mtoto ana jambo", mwamini, kwani yeye ndiye anayekesha naye. Tatu, muulize daktari mapema. Kuuliza si kukosa tawakkul, na mtoto mwenye upungufu si aibu ya ukoo. Ni amana.

Binti yangu sasa ana miaka minne. Anavaa vifaa vya kusikilizia masikioni, na neno "baba" alilitamka akiwa na miaka miwili na nusu. Daktari alituambia kwamba tungekwenda katika miezi ya mwanzo, lingetoka mapema zaidi. Siku hizi adhana ya magharibi ikiadhiniwa huinua kidole kuelekea dirishani na kunitazama, kuhakikisha kwamba nami nimesikia.

Allah (SW) atusamehe tulipozembea, na awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.