Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya zana za kuendesha visawazisha mizigo kwenye wingu. Zamani wasomaji wangu walikuwa wahandisi. Siku hizi sehemu kubwa ya ninayoyaandika husomwa na mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazopewa lengo kwa maneno ya kawaida, kisha zenyewe zikachagua zana na kuitumia. Nimejikuta na swali ambalo sijalikuta katika mwongozo wowote wa kazi hii: ninapomwandikia msomaji asiyejua kuogopa, je, kusema kweli kunatosha?

Kisawazisha mizigo ni mtumishi asiyeonekana. Unapolipa ada ya chuo kwa simu, ombi lako haliendi moja kwa moja kwenye kompyuta moja inayokungoja. Hupokelewa kwanza na kisawazisha, mfano wa karani wa mapokezi hospitalini, naye hulipeleka kwa seva mojawapo kati ya kumi au mia zilizo nyuma yake. Kila baada ya sekunde chache huzijulia hali seva hizo. Isiyojibu huacha kupelekewa wateja mpaka ipone. Karani huyu akikosea, seva zote zinaweza kuwa zima na bado mlango ukawa umefungwa.

Jambo hilo limewahi kutokea. Tarehe 24 Desemba 2012, katika kanda ya Amazon ya mashariki mwa Marekani, data zinazoeleza hali ya visawazisha mizigo zilifutwa. Taarifa ya Amazon yenyewe ilisema kwamba mchakato wa matengenezo uliendeshwa bila kukusudiwa kwenye data zinazotumika. Familia nyingi zilizotaka kutazama filamu za Netflix usiku ule wa mkesha wa Krismasi hazikuweza, na kazi ya kurejesha huduma iliendelea hadi siku ya pili. Aliyeendesha mchakato ule alikuwa binadamu, mmoja wa watu wachache wenye ruhusa. Alikuwa na macho, na bado.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Maelezo ya zana zetu yalijengwa juu ya methali hiyo, ingawa hakuna aliyeitaja. Tuliandika machache kwa sababu tulijua msomaji ataleta mengine mwenyewe: kumbukumbu ya usiku aliowahi kuamshwa, mashaka ya kubonyeza kitufe Ijumaa jioni, mazoea ya kumuuliza mwenzake kabla ya kufuta. Hayo yote hayakuwa kwenye ukurasa. Yalikuwa kwa mtu.

Wakala huja na ujuzi mpana wa mambo ya jumla, lakini mfumo wa kwako haujui. Chini ya itifaki ya MCP, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, zana humfikia ikiwa na jina, maelezo kwa lugha ya kawaida na orodha ya vigezo vyake. Hayo maelezo ndiyo macho yake.

Chukua kigezo kimoja. Kwenye huduma ya Amazon, seva inapoondolewa kundini, kisawazisha huacha kuipelekea maombi mapya, kisha husubiri ili yaliyokwisha kuanza yamalizike. Usipobadilisha kitu, husubiri sekunde 300. Maelezo ya kawaida ya kigezo hicho yangesomeka hivi: idadi ya sekunde za kusubiri, kuanzia 0 hadi 3600. Kila neno hapo ni kweli. Sasa mwambie wakala aondoe seva tano haraka iwezekanavyo. Ataona kuwa 0 inaruhusiwa na kwamba 0 ndiyo ya haraka. Hajavunja sheria yoyote. Ila katika zile sekunde alizozifuta alikuwamo mtu ambaye malipo yake yalikuwa nusu njia.

Hapa ndipo ninapoona kwamba kweli inaweza kuwa kamili kwa msomaji mmoja na pungufu kwa mwingine. Ukimwelekeza mgeni njia bila kumtajia shimo ambalo kila mwenyeji analijua, hujamdanganya, lakini hujamtendea haki pia.

Wapo wenzangu wanaopinga. Wanasema mwandishi aeleze tu. Lawama ni ya aliyetoa ruhusa. Wana hoja nzito. Onyo si kufuli. Baada ya mkasa wa 2012, Amazon haikutegemea maneno makali zaidi. Ilibadilisha ruhusa ili data zile zisiguswe bila idhini mahususi. Hata MCP inakubali udhaifu wa maneno: zana inaweza kuwekewa alama kwamba inasoma tu, au kwamba inaharibu, lakini alama hizo huitwa vidokezo, na wanaozipokea wameonywa wasiziamini zikitoka kwa wasiyemwamini.

Lakini kufuli nalo lina mwisho wake. Anayeruhusiwa kubadilisha mipangilio ameruhusiwa kuandika 300 na kuandika 0. Ndani ya chumba ulichomfungulia mtu, bado kuna mambo mengi yasiyofaa kutendwa, na huko kufuli halifiki. Huko hufika neno tu.

Kuna kishawishi kingine, na hiki kinanisumbua zaidi kwa sababu kinafanana na wema. Ni kuandika HATARI kwenye kila zana, ili lolote likitokea mwandishi aseme alionya. Onyo la namna hiyo humlinda aliyeliandika. Msomaji anayeambiwa kila kitu ni hatari ameachwa bila njia ya kupambanua kusoma orodha ya seva na kuifuta. Kuonya kwa haki kunadai uchague, na ukichagua umekubali kuulizwa kwa nini.

Watu huniuliza kama wakala anaelewa kweli ninachomwandikia. Ni swali zuri, ila wajibu wangu hausubiri jibu lake. Deni langu halipo kwa wakala. Lipo kwa yule mwenye malipo nusu njia, ambaye hatasoma neno langu hata moja wala hatajua kwamba liliandikwa.

Kwa hiyo, kwenye kigezo kile, baada ya idadi ya sekunde, naongeza sentensi mbili. Ya kwanza inasema muda huu ni wa watu ambao shughuli zao bado hazijakamilika. Ya pili inasema usiupunguze kwa ajili ya haraka peke yake. Kama haraka ni ya lazima, muulize kwanza aliyekutuma.