Akaunti ya Mama, Simu ya Mwana

Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, aliyefikishwa Columbus, Ohio, na safari ndefu ya ukimbizi, alikuwa na kisukari na presha. Kiswahili alikisoma vizuri. Kiingereza kilimpiga chenga. Siku ya kuandikishwa kliniki aliulizwa baruapepe, hakuwa nayo. Mwanawe wa kwanza akatoa yake, pamoja na namba yake ya simu, akamfungulia akaunti kwenye tovuti ya wagonjwa. "Mama, usiogope," alimwambia, "yote yatapitia kwangu."

Na yalipitia kweli. Miadi alipanga yeye, dawa zikikaribia kwisha aliomba yeye, majibu ya vipimo akamsomea mama kwa simu. Kijana huyo anastahili sifa. Kisha akapata kazi ya ghala katika jimbo jingine, akabadilisha laini, na hakuna aliyekumbuka kuiambia kliniki.

Daktari akamwanzishia mama lisinopril. Dawa hiyo hushusha presha na kulinda figo za wenye kisukari, lakini huweza kupandisha potasiamu katika damu, ndiyo maana mgonjwa hupimwa tena wiki chache baada ya kuianza. Mama alitolewa damu Ijumaa. Jioni majibu yakatoka: potasiamu 6.4, wakati kawaida huishia karibu na 5. Kiwango kama hicho huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kliniki ikapiga simu, laini imekufa. Ikaandika kwenye tovuti: aache kidonge, aende hospitali usiku huohuo. Arifa ikaingia kwenye baruapepe ya kijana aliyekuwa zamu ya usiku, simu yake ikiwa kabatini.

Jumamosi asubuhi mama alihisi miguu mizito. Akachukua kikombe cha maji, akameza kidonge chake, kwa kuwa daktari alisema asiruke hata siku moja. Jumapili alianguka jikoni. Jirani akapiga 911, na Mungu akamnusuru.

Wengi humtupia lawama mwana. Mimi naona kosa lilifanyika siku ya kwanza, pale akaunti ya mama ilipofanywa mali ya mtu mwingine. Hospitali nyingi za Marekani huruhusu mgonjwa kumteua mwakilishi: mama anabaki na akaunti na namba yake, mwana anaingia kwa nenosiri lake mwenyewe, kwa idhini iliyotiwa saini. Arifa ingewafikia wote wawili. Ni fomu tu, na haikujazwa.

Tena, tangu Aprili 2021, kanuni zilizotokana na sheria ya Cures ya 2016 zinataka majibu yawekwe wazi kwa mgonjwa bila kucheleweshwa, hata kabla daktari hajayasoma. Anayefungua ukurasa hujua hali yake mapema. Asiyeufungua huweza kudhani kimya ni habari njema.

Lugha isiwe kisingizio cha kumwachia mtoto kila kitu. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inawajibika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na wa Kiswahili hupatikana hata kwa simu. Basi ndugu msomaji, wewe mwenye mzazi huko, mpigie leo. Kisha ipigieni kliniki pamoja, muulize ni namba gani iliyoandikwa kwenye faili lake, na kama si yake, ibadilishwe mkiwa bado kwenye simu.