BEI, MIZANI NA NJIA YA SOKO

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, wataalamu wa uchumi wanabishana tangu zamani. Kundi moja lasema: soko liachwe, litajitengeneza lenyewe. Lingine lasema: serikali ipange kila bei. Uislamu huuliza kwanza: bei hii imetoka wapi?

Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) azipange yeye. Alikataa, akichelea kukutana na Mola wake huku kuna mtu anamdai dhulma ya mali. Lakini huyo huyo alikataza kuficha chakula ili kipande bei, na kuwalaki wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajajua bei ya soko. Ndipo Ibn Taymiyya akaeleza: bei ikipanda kwa uhaba, mtawala asiingilie, ikipanda kwa kuwa wachache wamelifunga soko, ni wajibu wake kuwalazimisha wauze kwa haki.

Tutazame kwetu. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Nia ilikuwa kuwanyima fedha wenye silaha. Huko Walikale, ndege zilizotua juu ya barabara pale Kilambo zilikuwa zikipeleka Goma kasiterite ya Bisie na kurudi na bidhaa za dukani. Amri ikamfungia mwenye bunduki na mwenye sururu pamoja. Je, mdhulumiwa huhukumiwa sawa na mdhalimu?

Cha kufunga kilikuwa bariere. Mwaka 2017 shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu karibu 800 katika Kivu zote mbili. Ibn Khaldun aliandika mwaka 1377 kwamba kodi zikizidi, watu huacha kazi na hazina yenyewe hupungua. Mama wa Masisi anayelipa kwenye kila kamba kwa mfuko uleule wa maharagwe hahitaji kusomewa kitabu hicho.

Nami nisijitoe. Miaka ya nyuma nilimkuta mama mmoja njiani, hajafika soko la Sake, amechoka na mzigo. Nikanunua maharagwe yake kwa bei ya chini, nikajiona mwerevu. Hadithi ya misafara nilikuwa nimeihifadhi tangu chuoni! Jina lake sikuuliza, na sasa sijui nimrudishie nani.

Bariere hatuna uwezo nazo leo. Mizani tunazo, na Surat al-Mutaffifin mnaijua. Baada ya sala wenye maduka wabaki: mawe ya kilo yako kwa mweka hazina. Tutaanza na mizani ya duka langu.

Wabillahi tawfiq.