Matundu Mawili

Baba aliniita mara tatu. Hesabu hiyo ni yake; mimi sikusikia hata moja. Nilipogeuka kuchukua kikombe changu nilimkuta amesimama mlangoni na pakiti mbili za vidonge, akitaka kuuliza kipi ni cha usiku. Alikuwa ameshameza kimoja kwa kubahatisha.

Nilivua hedifoni, nikaanza kuomba radhi. Akanikatisha.

"Mimi uziwi nilipewa kazini," alisema. "Wewe wako umeununua."

Kidonge alichobahatisha kilikuwa sahihi. Maneno yake ndiyo ambayo sijaweza kuyameza hadi leo, kwa sababu ni ya kweli.

Niliununua kwa awamu mbili. Kwanza zilikuja hedifoni za studio, za mtumba, kutoka kwa kijana mmoja wa Kariakoo aliyenipa bei iliyonifanya nijione mjanja. Nilipozichomeka kwenye simu, sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa na ukinzani wa omu 250, wakati iafoni nyingi za kawaida huwa na omu 16 au 32. Kwa volti ileile inayotoka kwenye simu, hedifoni ya omu 250 hupata karibu moja ya nane tu ya nguvu ambayo ingefika kwenye ile ya omu 32. Simu yangu haikuwa na msuli wa kuzisukuma.

Nikadunduliza miezi minne, nikanunua amplifaya ndogo ya mfukoni. Ni kiboksi cha chuma chenye ukubwa wa pakiti ya karata, kina betri yake, gurudumu la sauti, na swichi ya kuchagua nguvu ndogo au nguvu kubwa. Kifaa hiki hakiongezi kitu ambacho hakikurekodiwa. Wimbo uliobanwa ukaharibika utabaki umeharibika, na pengine utausikia uharibifu wake vizuri zaidi. Kazi yake ni kuipa hedifoni umeme wa kutosha ili itoe kile kilichokuwemo.

Usiku wa kwanza nilipiga taarab ya zamani ya Black Star ya Tanga, nyimbo ambazo nimezikuta nyumbani tangu utotoni. Katikati ya mkwaruzo wa mkanda nikasikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya ubeti. Miaka yote ile sikujua kwamba pale pana pumzi. Nilirudia sehemu hiyo mara nyingi, na baadaye ikawa desturi yangu ya usiku. Nilikuwa hapo, kwenye pumzi hiyo, Baba aliponiita.

Nataka kwanza nijitetee, maana utetezi upo. Jicho lina kope, sikio halina. Chumba changu hapa Dar es Salaam kiko juu ya baa, na ng'ambo ya barabara kuna fundi wa kuchomelea mageti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama niko tayari kusikia. Kazi yangu ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa: mtu anasema, mimi naandika, nalipwa kwa dakika. Nisipopata utulivu sili. Kwa mtu anayeishi hivi, hedifoni ndiyo mlango pekee alio nao na ufunguo wake. Wanaosema vijana wa siku hizi wamejiziba masikio kwa kiburi wangelala kwanza juu ya baa wiki moja.

Kwa hiyo sidhani kwamba kujiziba masikio ni kosa. Tatizo ni kwamba mlango huu hauzuii watu kwa usawa. Besi ya baa inapenya tu, ikipitia sakafuni na kwenye miguu ya kiti. Mashine ya fundi nayo inapenya. Mwenye sauti kubwa hanikosi. Anayenikosa ni yule asiye na nguvu ya kupiga kelele: mzee wa miaka 68 aliyesimama sebuleni na vidonge mkononi. Nilidhani nimejikinga na wababe, kumbe niliyemfungia nje ni mnyonge.

Wasiwasi huu una umri mkubwa kuliko simu zetu. Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza Walkman ya kwanza, mashine ile ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki ulishuka na kipaza sauti kidogo kikachukua maneno, ili wawili wanaosikiliza waweze kusemezana bila kuvua hedifoni. Akio Morita, mkuu wa kampuni, aliona kwamba mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake ni utovu wa adabu. Wanunuzi walimwonyesha vingine: kila mmoja alitaka ya kwake. Kitufe kile kikatoweka kwenye matoleo yaliyofuata.

Kikuza sauti changu nacho kina matundu mawili. Moja ni la waya wa kawaida, jingine ni la waya maalumu unaotenganisha njia za kushoto na kulia, lenye nguvu zaidi. Yote mawili ni kwa ajili ya kichwa kimoja.

Baba alikuja kukaa nami kwa ajili ya kliniki. Alifanya kazi miaka 26 kwenye korona, mashine ya kukamua mkonge, katika shamba moja mkoani Tanga. Masikio yake hayakuziba kama redio iliyopunguzwa sauti. Kelele za muda mrefu huanza kuua usikivu wa sauti nyembamba, zile zinazobeba "s" na "t" na "f". Anasikia kwamba nasema, hasikii ninachosema. Nikimwambia saa sita au saa tisa, kwake ni saa moja na ileile. Nikipaza sauti, ninakuwa tu mtu anayegomba bila kueleweka.

Kesho yake, kwa toba zaidi kuliko hekima, nilimvika hedifoni zangu nikampigia Black Star. Uso wake ulibadilika. Kisha akainua kidole: ongeza. Nikaongeza. Ongeza. Nikaongeza tena, nikafika mahali nikasita. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu. Seli zenye vinywele ndani ya sikio zikifa haziti tena mbegu. Nikamwonyesha kwa mkono: basi.

"Miaka 26 hakuna aliyenizuilia masikio yangu," akasema. "Leo wewe ndiye bwana usalama? Yamebaki kidogo. Niachie niyatumie."

Hapo nilikosa jibu, na sidhani kama nimelipata tangu siku hiyo. Masikio ni yake. Aliyemnyima kinga kazini hakumwuliza. Na mimi ninayemnyima raha sasa simwulizi pia, tofauti ni kwamba nina takwimu. Lakini gurudumu liko kidoleni mwangu, na siwezi kujifanya kwamba kulizungusha si kitendo changu. Tukapatana kama wachuuzi: nusu saa kila jioni, kiwango tulichokubaliana, swichi kwenye nguvu ndogo. Hakuna aliyeridhika. Labda ndiyo maana yamedumu.

Kiswahili kina kusikia, na kinatoka hapo kwenda kusikiliza, kisha kusikilizana. La kwanza kifaa kinaweza kunisaidia, na kimenisaidia sana. La pili linanidai mimi mwenyewe; naweza kuwa na sauti safi kuliko zote mtaani na nisilifanye. La tatu halifanyiki na mtu mmoja, hata awe na vifaa gani.

Wiki iliyofuata nilirudi Kariakoo nikanunua kigawanyio cha waya, tundu moja likizaa mawili. Baba anavaa iafoni za kawaida, mimi hedifoni zangu za omu 250. Gurudumu ni moja. Kwa sababu iafoni zake hazihitaji nguvu nyingi, muziki unaomtosha yeye kwangu unafika kwa mbali, kama redio ya jirani wa nyumba ya tatu. Ile pumzi kabla ya ubeti siisikii tena.

Jioni moja wimbo ukiendelea alianza kuongea, kwa ile sauti ya mtu asiyejisikia. Alisema korona haikuwa kelele tupu. Ukishaizoea, alisema, ulijua kwa mlio wake kama majani ni mabichi au yamelala, na ulijua kabla ya msimamizi kwamba bamba linataka kuvunjika. Alikuwa mwanagenzi alipojifunza hayo. Alikuwa fundi alipoacha kuyasikia.

Sikuwahi kumwuliza korona ililiaje. Safari hii nilisikia kila neno, bila kuvua kitu kichwani.