Hodi ya Mnunuzi

Je, ni utovu wa adabu kumfungia chumba mgeni uliyemwalika mwenyewe? Swali hili lilinipata nilipokuwa nauza nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, Makanyagio, hapa Mpanda.

Mgeni wa kawaida hupiga hodi, hukaribishwa sebuleni, naye hukomea hapo. Mnunuzi ni mgeni wa namna nyingine. Hutaka kuona chumba cha kulala, dari, stoo, hata komeo la mlango wa nyuma. Jumamosi moja dalali alituletea makundi matatu kwa pamoja. Mimi nilikuwa uani nikionyesha kisima, mama watoto yuko jikoni, na wageni wakizunguka vyumbani peke yao. Niliona haya kufunga chumba chetu, nisije nikaonekana namshuku mtu.

Jioni, bahasha ya fedha za kikundi cha akina mama haikuonekana. Nikamkumbuka kijana mmoja mwenye viatu vya tope, mchimbaji wa dhahabu. Nikamtaja kwa dalali. Dalali akamtaja kwa wengine. Siku ya nne tukampata kwa simu dada yangu, aliyeondoka mchana ule kurudi Karema. Alipoona wageni wengi, alikuwa ameificha bahasha ndani ya gunia la mahindi! Nilikwenda kumwomba radhi yule kijana. Akanijibu kwa upole, "Yameisha, mzee." Lakini nyumba hakuitaka tena, na maneno niliyokwisha kuyatoa sikuweza kuyakusanya.

Hebu tujiulize: mji huu si wa wageni? Reli kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya madini ya risasi. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipata makazi Katumba. Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012, wakaja watumishi. Tukimhesabu kila tusiyemjua kuwa mwizi, tutabaki na nani?

Ndipo nikatambua kwamba kufuli si tusi. Humkinga mwenye nyumba dhidi ya mwizi mmoja, na huwakinga wageni kumi waaminifu dhidi ya ulimi wa mwenye nyumba. Haya yangu ya kufunga chumba haikuwa ukarimu. Ilikuwa uvivu uliovaa kanzu ya ukarimu, na aliyelipa gharama yake ni mtu asiye na kosa.

Basi, unayeuza nyumba, fedha na hati zihifadhiwe kwa mtu wa kuaminika kabla ya hodi. Mnunuzi aone nakala kwanza. Pokea kundi moja moja, mchana, utembee nalo chumba hadi chumba. Usimwachie dalali funguo. Wageni wakiondoka, kagua madirisha na makomeo.

Aliyekwisha kuweka vyake mahali pake husema "karibu" kwa moyo mweupe, na mgeni akitoka, hana sababu ya kumsema.