Kitambaa cha Mwenyewe: Ufundi na Amana katika Filamu za Kampuni

Filamu ya kampuni hulipiwa na yule anayesifiwa ndani yake. Hoteli ya Diani, kwenye pwani ya Kenya, hutaka wageni waone bahari na mpishi anayetabasamu. Mgodi hutaka wenye hisa waone mitambo na darasa lililojengwa kijijini. Mradi wa uhifadhi hutaka wafadhili waone fedha zao zikichipua. Kusifu si kusema uwongo. Pwani hii imewasifu maarusi na mabwana kwa karne nyingi, na hakuna aliyedhani anasikiliza ushahidi wa mahakamani. Swali gumu ni jingine: mtaalamu anayeitengeneza filamu hiyo anauza nini? Anauza mkono wake tu, au ndani ya ufundi mna wajibu ambao mlipaji hawezi kuununua?

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Gorgias, anatenga ufundi wa kweli na mazoea ya kupendezesha. Tabibu anajua mwili unahitaji nini na anaweza kueleza sababu. Mpishi anajua ulimi unapenda nini. Usemaji wa kushawishi Socrates, msemaji mkuu wa mazungumzo hayo, anauweka upande wa mpishi, na kwa kipimo hicho filamu ya kampuni nayo ingekaa jikoni. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kama kazi yenyewe inavyoonyesha ikitazamwa kwa karibu.

Ufuo wa Diani unaelekea mashariki. Kufika saa nne asubuhi mchanga mweupe umeshaanza kuumiza macho, na kamera iliyoachwa ijipimie mwanga hujipunguza kwa ajili ya mchanga huo. Bwawa linatoka safi, mwavuli unatoka safi, na mhudumu aliyebeba sinia anabaki kivuli kisicho na macho wala mdomo. Fundi anayejua huanza kazi saa kumi na mbili na nusu, au humsogeza mhudumu chini ya mwembe na kupima mwanga kwenye shavu lake. Hapo kosa la mwanga ni kosa la heshima pia: mtu amefutwa uso kwa kuwa aliyeshika kamera hakujua kazi.

Kusini mwa Diani, katika ghuba ya Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hewa ya kaboni tangu miaka ya 2010 kutokana na hekta 117 za mikoko zinazotunzwa na wanavijiji wa Gazi na Makongeni. Droni ikipaa juu ya msitu huo huleta zulia la kijani, na zulia hupendeza. Ila sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo ndani ya udongo, chini ya mizizi, mahali ambapo droni haioni kitu. Mwenye kuielewa habari hiyo huuliza kwanza bamvua ni lini, husubiri maji yapwe, kisha huteremka na kamera mpaka ionekane mguu wa mpanda miche ukizama gotini na kung'oka kwa mlio. Picha hiyo ya matope ndiyo inayoeleza mnunuzi wa kaboni analipia nini. Mpishi wa Plato asingeiwaza.

Hata hivyo kujua vizuri peke yake hakutoshi. Robert Flaherty alitengeneza Nanook of the North, filamu ya maisha ya Wainuit wa Kanada iliyotoka mwaka 1922, kwa fedha za Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa ya biashara ya manyoya. Ni kazi ya bingwa. Lakini mhusika mkuu hakuitwa Nanook, na uwindaji ulioonyeshwa ulikuwa wa zana za zamani, ilhali wenyeji hao walikuwa wameshaanza kutumia bunduki.

Fikihi ya Kiislamu inalimulika swali hili la wajibu wa fundi. Wanazuoni walijadili kwa kirefu dhamana ya fundi: mshonaji aliyekabidhiwa kitambaa, kikiharibika mkononi mwake, atalipa kwa hali yoyote, au ni amana na hadaiwi mpaka azembee? Walitofautiana, lakini wote walikubali kwamba kitambaa si chake. Katika ushonaji, mwenye kitambaa ndiye mlipaji, na asiporidhika hurudi dukani. Filamu ya kampuni inawatenganisha wawili hao. Kampuni inalipa, ila kitambaa, yaani sura na maneno, ni cha mvuvi, mkulima au mama wa kijijini ambaye pengine hatauona mshono.

Tuseme mama mmoja anaambia kamera, "Kisima tumechimbiwa, lakini maji yana chumvi." Mhariri akikata kabla ya "lakini" hajazua neno hata moja. Sauti ni ya mama na kisima kipo. Hata hivyo, amemfanya mama aseme asichosema. Mhariri mwenye busara ana njia ya tatu kati ya kumuasi mteja na kumsaliti mama: kuiacha sentensi nzima nje, au kumweleza mteja kwamba mtazamaji huamini zaidi kampuni inayokiri chumvi na kuonyesha inachokifanya juu yake. Neno hilo la pili ni ushauri wa kitaalamu, wala si mahubiri, na kijana mwenye simu nzuri lakini asiye na uzoefu hathubutu kulisema mbele ya meneja.

Upo pia ujuzi wa kuzima kamera. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo hapo Diani, ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni huingia kwa masharti ya wazee, amejifunga kaniki, na yapo mambo yasiyopigwa picha. Mtengenezaji filamu anayefika pale huongea na wazee kwanza, na mpango wa picha huupanga baada ya jibu lao.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijatumiwa kibiashara. Kupata sahihi ni kazi ya dakika moja. Ridhaa yenyewe huchukua alasiri nzima: karatasi kusomwa kwa Kidigo, picha kuonyeshwa kwa waliopigwa kabla hazijapelekwa kwa mteja, na yule mama kusikia sentensi yake ikisemwa mpaka mwisho.